Utosi wa Oliva

"Hodi humu ndani! Dada Hajira, umelala?"

Hapo ndipo tulipomwacha Oliva wiki iliyopita, na najua wapo walionitukana kwa hilo. Mnisamehe. Alikuwa kwenye kiti cha saluni ya Hajira pale Katesh, Ijumaa saa tatu asubuhi, kitambaa kiko magotini, utosi uko wazi. Na mwenye kupiga hodi nyuma ya pazia alikuwa Bernadina, dada wa mchumba wake Evarist, wifi mtarajiwa, mtu wa mwisho duniani aliyetakiwa kuuona utosi ule.

Kwa aliyekosa gazeti nakumbusha upesi. Miezi saba nyuma, siku moja kabla wazee wa kina Evarist hawajaja kutoka Maretadu kuposa, Oliva alijipaka dawa ya kulainisha nywele kule kwao Endasak. Akaenda bombani kusuuza, bomba likamkoromea tu. Maji yamekatika! Alikimbia na ndoo mpaka korongoni, mwendo wa nusu saa, dawa inamla kichwa njia nzima. Nywele za pembeni zilipona. Za katikati ya utosi ziling'oka, zikaacha kipara cha ukubwa wa kiganja, na mpaka leo hazijaota. Mama yake peke yake ndiye aliyejua. Na kesho, Jumamosi, ndiyo sendofu, sherehe ya kumuaga kwao.

Pazia likafunguliwa.

Hajira amesuka vichwa vya Katesh miaka kumi na miwili, na kazi hiyo humfundisha mtu kufikiri haraka. Alinyakua taulo bichi kwenye msumari, akamfunika Oliva kichwa na uso mpaka kidevuni.

"Usikohoe," akamnong'oneza. Kisha kwa sauti: "Karibu, pita! Angalia ndoo hapo mlangoni."

Bernadina akaingia, akajitupa kwenye benchi.

"Habari za asubuhi, dada. Huyu vipi, mbona umemfunga kama mgonjwa?"

"Nimempaka dawa. Haitaki hewa."

"Pole, dada," Bernadina akaliambia taulo.

Taulo likaitikia kwa kichwa.

"Nataka unisuke. Tumelala kwa shangazi hapa Katesh, mimi na bibi. Kesho tunakwenda Endasak kwenye sendofu ya wifi yangu, sitaki nionekane nimetoka kuvuna maharage."

"Leo nina kazi mpaka saa tisa."

"Basi nitarudi saa tisa," akasema Bernadina, lakini hakuinuka. "Hivi umewahi kumsuka huyo wifi yangu? Oliva, binti wa mzee Yonas."

"Jina nalisikia," akasema Hajira.

"Msichana mzuri, sisemi. Lakini kichwa chake sijakiona tangu wazee walipokwenda kuposa. Kanisani kitambaa, shambani kitambaa, hata siku ya mahari kitambaa! Nikamwuliza Evarist, huyo mwenzio bado ana nywele kweli? Akacheka tu. Maana mwenyewe alimpendea nywele, unajua. Alimwona kwenye kwaya, akarudi nyumbani anasema nimemwona mmoja ana nywele."

Chini ya taulo joto lilipanda. Oliva aliyajua maneno hayo. Evarist mwenyewe alimwambia siku ya kwanza, nje ya kanisa: kumbe wewe ndiye yule wa nywele. Aliyaweka moyoni mwaka mzima. Leo yalimchoma kuliko dawa.

"Kesho tutaona," Bernadina akaendelea. "Kwetu bibi harusi hapokelewi na kitambaa. Anakaa kwenye kigoda kichwa wazi, bibi yetu Imakulata anambariki kwa mkono wake. Na bibi macho yana ukungu siku hizi, anaona kwa vidole. Anakupapasa mpaka unajiona mbuzi wa mnadani!"

Hajira akakohoa, ingawa yeye ndiye aliyekataza kukohoa.

Mwishowe Bernadina akasimama. Alifika pazia, akageuka. Macho yake yakashuka sakafuni na kutulia kwenye miguu ya yule wa taulo.

"Viatu vizuri," akasema taratibu. "Kaka yangu alimnunulia mchumba wake kama hivyo hivyo. Rangi ya bluu, kamba nyeupe. Nilimchagulia mimi."

Vidole vya miguu vya Oliva vikajikunja ndani ya viatu hivyo.

"Hivyo?" Hajira akacheka. "Farouk amejaza duka zima, nenda hapo ng'ambo ukaone. Nusu ya Katesh inavaa hivyo."

"Kumbe," akasema Bernadina. Akaitazama miguu mara nyingine, akatoka.

Taulo lilipotolewa, uso wa Oliva ulikuwa umelowa, na si maji ya taulo peke yake.

"Amenijua."

"Hajakujua. Angekujua angekaa mpaka jioni. Nyamaza tufanye kazi."

Simu ya Oliva ikatetemeka mapajani. Evarist. Akaiacha ikaita mpaka ikachoka. Haikupita dakika ukaja ujumbe: *Oliva nina neno nataka nikuambie kabla ya kesho. Pokea tafadhali.*

"Bernadina ameshampigia!" akaruka kutoka kwenye kiti.

"Ameshampigia saa ngapi? Ndiyo kwanza ametoka. Kaa."

Alikaa, akasimama, akakaa. Simu ikaita tena. Hajira akaichukua, akaifukia chini ya mafungu ya rasta.

Sasa tukione kipande cha nywele za bandia alichoagizia Hajira, kilichotoka Arusha na basi. Kiliagizwa cha kipilipili, cheusi, cha kufunika utosi tu. Kilichofika kilikuwa cheusi, hilo tusikidhulumu. Lakini kilikuwa kimenyooka, kirefu, kinang'aa kwa mng'aro wa nailoni, na kimeshonwa kwenye neti nyeupe. Hajira alikiweka kichwani kwa Oliva ili mwenyewe ajionee.

Oliva akatazama kioo. Ilikuwa kama ndege mweusi ametua utosini na hana mpango wa kuruka.

"Dada Hajira, mtu yeyote atajua!"

"Sasa hivi atajua. Saa nane hatajua. Nipe hicho kitana."

Hapo ndipo Oliva alipoona kwa nini wanawake hutoka mpaka Masakta kumfuata mama huyu. Kwanza alikigawa kile kipande mafungu madogo madogo, akasuka visuko vyembamba zaidi ya thelathini, kila kimoja akakikaza ncha kwa uzi. Akavichovya kwenye maji ya moto, akahesabu polepole, akavitoa, akavianika dirishani kwenye upepo. Nywele za bandia, alieleza, ukizichemsha zikiwa zimejikunja hukauka na mkunjo huo huo.

Neti akaitia kwenye sufuria ya majani ya chai, chai nzito isiyo na sukari. Kila baada ya muda aliitoa, akaiweka juu ya kipara cha Oliva kulinganisha, akairudisha. Mara ya nne akatikisa kichwa kwa kuridhika. Neti ilikuwa na rangi ya ngozi ya Oliva, si ya mtu mwingine.

Kisha poda ya watoto, kidogo, ya kuua mng'aro. Kisha visuko vikafumuliwa kimoja kimoja, na kilichotoka humo kilikuwa kipilipili kabisa.

"Bado ni kirefu," akasema Oliva.

"Unafikiri mkasi huu nimeuweka wa nini? Zako zina urefu wa kidole, hizi zina urefu wa mkono. Nikikata sawasawa mtu ataona ngazi. Nitakata huku na huku, bila mpango, kama zilivyoota zako."

Akakata, akarudi nyuma hatua mbili, akakata tena. Gundi akaipaka ukingoni, kwenye ngozi tupu, akakibandika kipande na kukikandamiza kwa kiganja dakika nyingi. Mwisho akafanya lile ambalo Oliva hakulitegemea. Alichukua chanuo, akazivuta nywele halisi za Oliva, za mbele na za pembeni, akazilaza juu ya mshono wote.

"Watu wengi wanakosea hapa," akasema. "Wanataka nywele ya bandia ifunike yao. Mimi nataka yako ndiyo ifunike ya bandia. Ya kwako ianze, hii ifuate. Haya, tazama."

Oliva akatazama. Kwenye kioo alikuwepo msichana wa kwaya.

Alipeleka mkono utosini, akapapasa kama atakavyopapaswa kesho. Vidole vyake, vilivyojua kabisa mshono uko wapi, havikuuona. Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio, na Hajira akamwacha alie.

"Sasa nisikilize," akasema Hajira alipomwona ametulia. "Gundi hii haiogopi jasho, haiogopi maji, haiogopi upepo. Adui yake ni mmoja tu, mafuta. Mafuta yakiingia ukingoni, hata kidogo, inalegea papo hapo. Usipake kitu chochote mpaka Jumatatu."

"Nipake mafuta ya nini nami nimependeza hivi?"

Alitoka nje kichwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Upepo wa Hanang ulikuwa unashuka mlimani na vumbi lake, ukitikisa mabati na kupeperusha kanga za watu. Oliva alisimama katikati ya barabara, akauacha umpige. Farouk, mlangoni pa duka lake, akapaza sauti: "Oliva! Leo umekiacha kitambaa? Umependeza!" Mzee mmoja aliyepewa shikamoo akaitika marahaba na kuendelea na njia yake, hakuangalia mara mbili. Hakuna aliyeangalia mara mbili! Ungedhani amepewa ardhi.

Festo wa bodaboda akampa kofia ngumu. Oliva alisita, akaivaa. Walipofika Endasak aliivua taratibu huku amefumba macho. Kipande kilikuwa pale pale kama alizaliwa nacho.

Mama yake, Judica, alikuwa uani anachagua mchele. Alimwona bintiye anaingia, akauweka ungo chini.

"Geuka," akasema.

Oliva akageuka.

"Ndivyo ulivyokuwa," mama akasema. Tangu siku ile ya korongo alikuwa akijilaumu kwa nini hakuacha ndoo moja ya akiba ndani. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mshukuru Mungu. Sasa njoo uone walichotuletea wakwe zako."

Akamwingiza ndani. Mezani kulikuwa na kibuyu kikubwa, mdomo umezibwa kwa majani, shingo imefungwa ushanga.

"Cha nini?"

"Samli. Bibi Imakulata ameitengeneza mwenyewe, miezi mitatu. Amemtuma mtu aniambie tuiweke mahali pa joto, isigande. Kesho atakapokubariki, atakumiminia yote kichwani na kukusugua mpaka kwenye ngozi."

Msomaji, sitakuficha. Oliva alikaa chini sakafuni.

"Mama. Gundi."

"Gundi imefanyaje?"

"Adui yake ni mafuta."

Alimpigia Hajira, akabofya namba zisizo zake mara mbili ndipo akampata.

"Dada, ni samli."

"Kiasi gani? Tone?"

"Kibuyu."



"Yarabi," akasema Hajira. "Kitateleza mpaka kwenye pua mbele ya watu."

"Nifanye nini?"

"Tukitoe, tukishone. Nikusuke twende kilioni, mistari myembamba iliyobana ngozi, kuzunguka kipara, nikifunge kwa uzi kwenye hiyo mistari. Uzi haujali mafuta, atasugua mpaka achoke."

"Basi kishone!"

"Subiri. Uzi una vifundo, mdogo wangu. Kwa macho huvioni, lakini mtu anayepapasa anavikuta. Na huyo bibi nimesikia mwenyewe anaona kwa vidole."

Oliva akaelewa. Gundi ingemwaibisha mbele ya watu mia mbili. Uzi ungemwaibisha kwa mtu mmoja, lakini mtu huyo ndiye mwenye ukoo.

"Njoo na uzi," akasema.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mwambie Evarist," akasema. "Anakupigia tangu asubuhi. Pokea, mwambie, iishe."

"Nikimwambia halafu akasita?"

"Atasitaje, mtu anayekupenda?"

"Mama, ukimwambia mtu kitu kama hiki kuna dakika moja anakuangalia kabla hajajua aseme nini. Mimi siwezi kuiangalia hiyo dakika. Siwezi!"

Alizunguka uani mara ngapi jioni ile, hata yeye hakuhesabu. Alifagia palipofagiwa. Alimwagia maji kuku. Simu ilipoita kwa mara ya tisa alimwandikia Evarist maneno mawili: *Kesho tutaongea. Nimebanwa.* Sawa, ni matatu. Mtu mwenye wasiwasi hahesabu vizuri, na mimi nina wasiwasi pamoja naye.

Jumamosi saa moja asubuhi Hajira alikuwa uani na mfuko wake wa sindano. Alifungua gundi kwa mafuta ya kula, na hapo Oliva aliona kwa macho jinsi kipande kilivyoteleza chenyewe, kama kinaambiwa njoo. Ingekuwa hivyo mbele ya watu. Hajira alisuka, akashona, akakata kila kifundo karibu na ngozi kadiri mkasi ulivyoweza. Akazilaza tena nywele halisi juu ya mshono.

"Kwa macho ni salama," akasema. "Kwa vidole, mwombe Mungu wako, nami nitamwomba wangu."

Saa nane wageni wakaingia kwa nyimbo. Tenti mbili, viti vya plastiki, spika kubwa zimeelekezwa mashambani kana kwamba mahindi nayo yamealikwa. Gerald, mshereheshaji, alikuwa na koti la kung'aa na kipaza sauti asichotaka kukiachia. Evarist alikaa mbele na kaka zake. Hakuimba. Kila Oliva alipomtazama, alimkuta ameshamtazama yeye, kisha anaangalia chini.

"Amejua," Oliva akawaza. "Bernadina amemwambia viatu."

Bernadina mwenyewe alikuwa amesimama mstari wa mbele, amesukwa vizuri na Hajira huyo huyo, ameinua simu juu anarekodi kwa ajili ya ndugu walioko Arusha.

Gerald akatangaza baraka. Kigoda kikawekwa katikati. Oliva akakaa, kichwa wazi, gauni la kijani limemfunika miguu. Bibi Imakulata akaletwa, amefupika kwa uzee, fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono mwingine, hataki kusaidiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Inamisha kichwa."

Gerald akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Ondoa hicho kitu," bibi akasema, na Gerald akarudi nyuma hatua tatu huku watu wanacheka.

Samli ilimwagika. Ilikuwa ya uvuguvugu, inanukia moshi, ikamshuka Oliva nyuma ya masikio na shingoni. Kipande hakikuteleza. Kisha bibi akaweka kibuyu na fimbo chini, mikono yake ikashuka, migumu, isiyo na haraka. Ikaanzia kwenye paji la uso. Ikapita kwenye nywele za mbele. Ikafika utosini.

Ikasimama.

Kidole kimoja kikarudi nyuma, kikagusa, kikagusa tena. Kikafuata mstari kuuzunguka utosi mzima mpaka kilipoanzia.

"Uzi," akasema bibi kwa sauti ya chini kabisa.

Oliva akashikilia kingo za kigoda.

"Nimeshona ngozi na vibuyu tangu nikiwa msichana. Uzi naujua. Kuna nini chini yake?"

"Hakuna kitu, bibi," Oliva akanong'ona. "Ndiyo shida yenyewe. Chini yake hakuna kitu. Dawa ya nywele iliniunguza, maji yalikatika."

"Kidonda?"

"Kimepona. Nywele hazikurudi."

Mikono ikaendelea kusugua, polepole, ili watu wasione kwamba kuna mazungumzo. Bernadina alisogea hatua moja na simu yake.

"Evarist anajua?"

"Hajui."

"Mimi nimezeeka," akasema bibi. "Siri ya mtu na mumewe haifai kulala kwangu."

Akanyoosha mgongo. Akaita kwa sauti ambayo haikuhitaji spika.

"Evarist! Njoo umalizie!"

Watu wakaguna. Bernadina akashusha simu. "Bibi, bwana harusi hapaki samli! Mila hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu. Leo. Una neno?"

Wazee wakaangaliana, mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Evarist alikuwa ameshasimama. Alikuja akikunja mikono ya shati, na Oliva alitamani ardhi ifunguke, hapo hapo, chini ya kigoda.

Bibi akakiokota kibuyu, akamshika mjukuu wake kiganja, akamjazia samli iliyobaki, akauweka mwenyewe mkono huo utosini kwa Oliva.

Vidole vya Evarist vilikwenda kidogo. Vikafika kwenye uzi. Vikatulia.

Oliva alifumba macho. Ilikuwa ndiyo ile dakika. Aliisikia inapita, ndefu, na mkono wa Evarist bado uko juu ya kichwa chake, haujaondoka, haujasogea. Alipofumbua macho, Evarist alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye vumbi, na suruali yake mpya.

"Ndiyo maana hukupokea simu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya hiki tu?"

"Kwa ajili ya hiki."

Evarist akavuta pumzi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa.

"Mimi nilidhani umeshaambiwa, ndiyo sababu hupokei."

"Nimeambiwa nini?"

Sasa Gerald, maskini, yeye aliona bwana harusi amepiga magoti akadhani ni mapenzi. Alisogea mbio na kipaza sauti chake, akakiweka katikati ya nyuso mbili. Kwa hiyo maneno yaliyofuata yalitoka kwenye spika zote mbili, yakaenda juu ya tenti, juu ya sufuria za pilau, mpaka mashambani.

"Nilikupigia mara tisa jana," spika zikasema kwa sauti ya Evarist. "Nilitaka ulijue kutoka kwangu, Oliva, kabla hujalijua kwa watu."

"Evarist, nyamaza!" Bernadina alipiga kelele. Alipiga kelele ya mtu anayejua kinachokuja.

Makofi yakakatika. Mama Judica akasimama kwenye kiti chake. Na bibi Imakulata, aliyeukuta uzi bila kushtuka, akaachia kibuyu kikavunjika miguuni pake.

Samli ilikuwa inamshuka Oliva kwenye nyusi. Hakuifuta. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya korongo hakuwaza kabisa juu ya kichwa chake. Aliushika mkono wa Evarist uliokuwa utosini, akaukandamiza pale pale kwenye mshono, asiweze kuutoa.

"Siri yangu umeishika kwa mkono wako," akasema, na spika zikarudia kila neno. "Ya kwako iko wapi?"

(Itaendelea wiki ijayo)